Siku Duara la Baba Lilipotema

Juzi televisheni ilionyesha mafuriko ya kimbunga huko pwani, na pampu moja ikisukuma maji nje ya nyumba. Nikasikia tena harufu ya dizeli na tope la machimbo yetu karibu na Kewanja.

Mchana mmoja nilipokuwa mtoto, mvua ya mawe iliujaza mto, maji yakaingia kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu. Baba alikuwa ndani ya moja. Mama, aliyekuwa na mtoto mchanga, alinituma nikaangalie kama ametoka. Nilikuta pampu ikinguruma na kutapika maji mekundu.

“Bhoke, rudi nyumbani,” aliniambia Mwita, mchimbaji mwenzake na baba. “Hapa si pa watoto.”

Nilikuwa nimeshageuka niliposikia mtu akipiga kelele nyuma yangu: “Limetema!”

Kwetu duara likitoa dhahabu watu husema limetema, na siku hiyo mbuzi huchinjwa. Nilikimbia hadi nyumbani.

“Mama, duara la baba limetema!”

Mama alipiga vigelegele. Majirani wakatoka, tukateremka pamoja tukiimba. Leo ningeuliza limetema nini. Siku ile hakuna aliyeuliza.

Tulikutana na wachimbaji njiani wakiwa wamebeba turubai, na miguu ya baba ikining’inia, myeupe kwa maji.

“Shemeji,” Mwita alimwambia mama, “nani kawaambia mshangilie?”

Mama alinigeukia. Waliokuwa nyuma kabisa hawakuwa wameona kitu, wakaendelea kupiga vigelegele.