Wembe Haukufika Kwangu

Ndugu za baba yangu walikuwa hodari sana wa kulia. Niliseme hilo mapema, maana mema yao ni machache na nisingependa kuyasahau. Baba alipokufa, katika miaka ya sabini, waliteremka mjini kwetu Bunia kutoka Djugu wakiwa wamekaa juu ya magunia ya lori la kahawa, na kilio chao tulikisikia tangu barabarani. Mama mdogo, yaani mdogo wa marehemu mama yangu, ndiye aliyewapikia. Walilia, wakala, wakalia tena. Aliyewashinda wote alikuwa baba mkubwa, ambaye kila alipojifuta machozi aliuliza ufunguo wa chumba cha mashine uko wapi.

Baba alikuwa fundi wa nguo. Mashine yake ya kushona, ile ya kukanyaga kwa miguu, ndiyo iliyowatoa macho. Baada yake ilikuja redio, kisha kitanda cha mbao, na mwisho kabisa sisi watoto wawili. Dada yangu alikuwa tayari na mikono ya kuchota maji na kulima. Mimi nilikuwa kitoto chenye tumbo kubwa la minyoo, na bado nilikojoa kitandani. Mama alikuwa amemtangulia baba, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kuwaambia waone haya.

Kwetu, msiba unapomalizika, wafiwa hunyolewa nywele. Wakubwa hunyoana wenyewe, lakini mtoto yatima hanyolewi na yeyote tu. Anayeshika wembe na kumnyoa ndiye anayemchukua. Tangu siku hiyo atamlisha, atamvisha, na ndiye atakayeulizwa habari zake mpaka aoe au aolewe. Nywele zikishaanguka mbele ya watu, mambo yamekwisha. Hata sisi watoto tulilijua hilo, ndiyo maana asubuhi ile nilikaa kwenye mkeka kando ya dada, nimeinamisha kichwa, tayari.

Baba mkubwa alianza na dada. Kwanza alimgeuza viganja akavitazama, akaridhika, akamnyoa kwa haraka mpaka akamkata juu ya sikio. Hapo zikasikika kelele nyuma ya nyumba. Baba mdogo alikuwa ameanza kuitoa mashine kwa mlango wa uani. Baba mkubwa akatupa wembe ndani ya beseni na kukimbia. Wakaigombania mbele ya majirani waliokuja kusali rozari, mmoja kashika meza yake, mwingine kashika gurudumu, mpaka mkanda ukakatika. Hao ndio watu waliokuwa wakigaragara kwa uchungu jana yake. Mimi nilibaki pale mkekani na kichwa changu kimeinama.

Hawakurudi kwangu. Walipakia mashine, wakapakia redio na kitanda, wakampandisha dada na damu yake shingoni. Baba mdogo alinitupia jicho akasema nibaki kwanza nipone tumbo, watanifuata. Lori lilipoondoka mama mdogo aliokota wembe ndani ya beseni, akauosha, akaniweka kati ya magoti yake na kuninyoa mbele ya wale majirani. Alininyoa polepole, huku akiimba kwa pua wimbo wa kanisani. Nilifurahi sana, na sikujali kwamba ulikuwa msiba.

Nikakulia mtaa wa Shari, hapohapo Bunia, katika nyumba ya udongo yenye bati, kati ya vikapu vya samaki wakavu ambao mama mdogo aliwafuata ziwani na kuwauza sokoni. Darasani wenzangu walijua nimefika kabla hawajaniona. Baba zangu hao wawili walikuja mjini mara nyingi. Baba mkubwa alikuwa sasa mnunuzi wa kahawa, amevaa abakosti, ile suti ya wakubwa isiyo na tai, iliyofungwa vifungo mpaka kooni, na alipenda kuitwa sitwayeni, yaani raia, kama watu wa serikali. Akipita mbele ya meza yetu ya samaki, ghafla alikumbuka kutazama upande wa pili wa barabara. Nilipolazwa hospitali kwa homa iliyonipa kizunguzungu hata nisimtambue mama mdogo, alitumiwa habari. Akajibu kwamba ni wakati wa kuvuna. Kila tulipomhitaji ulikuwa wakati wa kuvuna. Inaonekana kahawa ya Djugu huiva Januari mpaka Desemba.

Dada nilimwona kwenye misiba tu. Hakuwekwa shuleni hata siku moja, wala hakuozwa. Alilima shamba la baba mkubwa, akapika chakula chake na kubeba watoto wa nyumba hiyo mgongoni, mmoja baada ya mwingine. Tulipokutana alinishika kichwa kwa mkono wake uliokwaruza, akaniuliza nimefika darasa gani. Jibu langu alilirudia taratibu mdomoni.

Nilipofika mwaka wa mwisho wa sekondari, familia moja ya wafanyabiashara kutoka Butembo, waliokuwa na duka mjini, ilianza kuniulizia kwa ajili ya mtoto wao wa kiume. Mimi sikuwa na haja naye. Nilitaka kufanya mtihani wa serikali niwe mwalimu, na mama mdogo alikuwa amewajibu hivyo. Lakini habari ilifika Djugu haraka kuliko ilivyowahi kufika habari ya ugonjwa wangu. Kumbe kahawa ilikuwa imekwisha kuvunwa.

Walikuja siku ya Jumapili, baada ya misa. Baba mkubwa na baba mdogo walikaa mbele ya pikapu. Dada alikaa nyuma peke yake, amepakata beseni la chakula walichobeba, maana hawakutaka kula kwa muuza samaki. Baba mkubwa alikunja uso akatangaza kwamba amekuja kuchukua mtoto wake. Binti huposwa kwa baba yake, alisema. Nifunge nguo zangu, tunaondoka mchana huohuo. Kuhusu shule, nilikuwa nimesoma ya kutosha. Mama mdogo hakubishana. Alimtuma jirani amwite shefu wa kartiye, mkuu wa mtaa wetu.

Shefu alikuja na mhuri wake mfukoni. Aliiona abakosti, akaisalimia mara mbili, akakaa. Hata hivyo alijua desturi, akauliza swali lililostahili kuulizwa: baada ya msiba, nani alimnyoa mtoto huyu?

“Miye,” alisema baba mkubwa bila kupepesa jicho. “Nilinyoa batoto yote mbili, mbele ya batu.”

Akaendelea kusimulia jinsi nilivyolia na jinsi alivyonibembeleza. Uongo huo ulimtoka vizuri hata machozi yakamlenga. Kulia, nimekwisha kusema, alikuwa hodari. Mama mdogo alipoeleza ilivyokuwa, baba mkubwa alimcheka, akamtaka alete mashahidi. Lakini wale majirani wa rozari, waliokuwa hai walikuwa wamerudi kwao Mahagi, na wengine tulikuwa tumewazika. Shefu akaanza kuitikia kwa kichwa upande wa abakosti.

Ndipo dada aliposhuka kwenye pikapu. Aliweka beseni chini, akaja katikati ya wanaume, yeye ambaye sikuwahi kumsikia akisema neno mbele yao. Akafungua kitambaa chake cha kichwa.

“Baba mukubwa, ulininyoa miye,” alisema. “Alama iko hapa. Kiisha ukatupa wembe, ukakimbia juu ya mashini. Huyu haukumugusa.”

Kovu lilikuwa pale juu ya sikio, refu na jeupe. Baba mkubwa akaanza kupapasa vifungo vyake. Angeweza bado kujitetea, lakini baba mdogo, aliyekuja kumsaidia, alilisikia neno mashine na donda lake la miaka yote likafumuka. Akamgeukia kaka yake akamwambia kwamba ni kweli alikimbia, tena alimnyang’anya mali yake mikononi na hajamrudishia mpaka leo. Wakaanza upya, palepale, wakanyoosheana vidole. Shefu aliwaacha wagombane mpaka akasikia yote aliyohitaji. Kisha akasema mimi ni mtoto wa aliyeninyoa, na hakuna wa kunitoa kwa mama mdogo.

Mama mdogo alinikumbatia. Mimi nilimwambia shefu kwamba dada naye abaki. Sikuona ugumu wowote, tuna nyumba na tuna chakula. Shefu alimtazama dada kichwani, kisha akatazama chini.

“Ule alinyolewa,” alisema.

Dada alikuwa anafunga tena kitambaa chake. Hakushangaa hata kidogo. Alikuwa na ushahidi mmoja tu, na alijua kabla ya kushuka garini kwamba ushahidi huohuo ndio unaomrudisha Djugu. Nilimshika gauni. Alinibandua vidole kimoja kimoja, akanishika kichwa.

“Usome,” alisema.

Akaokota beseni, akapanda nyuma. Walipokuwa wanaondoka baba mkubwa alitoa kichwa dirishani, akamwambia alishike vizuri, mchuzi usimwagike.