Mafuta ya Rozimeri Kichwani kwa Baba Mdogo

Wifi yangu, mke wa kaka, anaishi Uyole, na kabla hajaanza kuuza mafuta ya rozimeri alikuwa mtu wa kawaida kabisa. Siku hizi ukipiga chafya tu, anafungua pochi. Mafua? Rozimeri. Kichwa kinauma? Rozimeri. Mume hasikii? Tone moja kwenye mto. Lakini sifa kubwa ni kuotesha nywele, ingawa nywele zake mwenyewe sijaziona tangu aolewe. Kila tukikutana ana wigi jipya.

Pasaka iliyopita tulikutana kwa mama, Nyololo. Jioni, tukiwa tumezunguka jiko la mkaa, wifi akapanga vichupa vyake mezani. Baba mdogo, mwalimu mkuu mstaafu mwenye upara unaong'aa, akacheka.

"Mkwe, hayo majani yalikuwa ua wa nyumba ya padri. Hata mbuzi waliyakataa. Leo yameingia kwenye chupa yamekuwa dawa?"

"Baba, mbuzi hawana shida ya nywele," wifi akamjibu.

"Sisi tulijifukizia mafua," mama akasema. "Habari za nywele ndiyo nazisikia leo."

Asubuhi, tukijiandaa kwenda kanisani, tukasikia yowe bafuni. Baba mdogo akatoka mbio, kichwa kimemvimba, machozi yanamtiririka. Alikuwa amechukua kichupa kimyakimya na kujimiminia chote, bila kuchanganya na chochote. Alinukia kama mguu wa kondoo uliotoka kuchomwa hotelini. Maji aliyojimwagia yalikuwa yameshusha moto wote machoni. Mama akaja na mafuta ya alizeti, akampaka, akamfuta, akampaka tena.

"Shemeji, si ulisema hata mbuzi waliyakataa?" mama akamuuliza.

"Nilikuwa nayajaribu tu! Nimuumbue huyu na uongo wake!"

Wifi wala hakumpa pole. "Ungechanganya na mafuta ya nazi, baba. Ila huko kuwaka ni dalili nzuri. Mizizi inaamka."

Baba mdogo alikuwa na zamu ya kusoma somo, akakataa kubaki nyumbani. Alisoma macho yakiwa mekundu, waumini wakadhani ameguswa na ufufuko. Harufu ikafika hadi kwaya. Ibada ilipoisha, akina mama wakamzunguka wakiuliza anapaka nini, na wifi alishafika na pochi yake. Sentensi moja tu ya baba mdogo ingewaokoa. Akajikohoza.

"Ni mazuri," akasema. "Yana nguvu."

Vichupa vikaisha palepale uwanjani.

Baadaye nilimtembelea baba mdogo kwake Iringa mjini. Ngozi ilikuwa imeshabanduka, upara uko palepale. Akanivuta dirishani, akainamisha kichwa.

"Mwanangu, hebu angalia hapa kisogoni. Huoni kama zinachomoza?"

Nikavaa miwani. Nilichoona ni kiuzi cha sufu kilichotoka kwenye kofia yake.

"Naziona, baba," nikasema.

Akanyanyuka kwa furaha, akaniuliza wifi atakuja lini.