Sahani ya Yule Mama

Nilikuwa msichana mdogo nilipokombolewa utumwani na kuletwa misioni ya Bagamoyo. Nililetwa pamoja na mama mmoja tuliyefungwa naye mnyororo mmoja njia nzima kutoka bara. Njiani mwenye msafara alimpokonya mtoto wake mchanga akamtupa porini, ili mama apate nafasi ya kubeba pembe za ndovu.

Kila adhuhuri, kabla ya kula, sista alimtaka kila mmoja wetu ataje jambo la kumshukuru Mungu. Zamu ya yule mama ilipofika, alinyamaza.

"Shukuru, mwanangu. Umepona," sista alimwambia.

"Mimi nimepona, Mama. Na mtoto wangu je?"

Sista akamwondolea sahani, akanipa mimi. Nikashukuru kwa sauti kubwa, nikala yote mbele yake. Ikawa hivyo siku tatu. Siku ya nne alisimama akasema, "Nashukuru kwa ugali," akaruhusiwa kula.

Nilipokuwa mtu mzima nilimwendea shambani kwake kumwomba radhi.

"Ulikuwa na njaa," alinijibu bila kuacha kulima. "Mshukuru Mungu ulishiba."

Nikachukua jembe, nikalima kando yake mpaka jua likatushinda. Hakunifukuza.