Ungo Ulionasa Redio

Nimenusa ungo mpya sokoni, nikajiona tena uani kwetu Temeke, tulikofika baada ya safari ndefu kutoka kusini. Jioni moja mjomba, mdogo wake mama, alikuwa golini kwenye fainali huko tulikotoka, na redio ilitoa mikwaruzo tu. Dada akauzungushia ungo waya wa shaba, akausimamisha kando ya redio, akaugeuza polepole. Mtangazaji akaibuka: "Penalti!"

"Nyie, ungo wangu! Nitapepetea nini mchele?" mama alifoka.

"Mama, anapigiwa mjomba!"

Mama akaushika ungo mwenyewe. "Asisogee mtu!"

Mjomba akapangua. Tulipiga kelele mpaka majirani wakaja.

Siku niliyoondoka nyumbani moja kwa moja, ungo ulikuwa bado na waya wake, na mama alikuwa akipepetea mchele kwenye sinia.