Kijitabu Changu kwa Bei ya Tembe

Mimi niliishia darasa la tatu, na kitabu nimeandika. Naanza na hilo ili wa kucheka acheke sasa, kisha tuendelee.

Kilikuwa kijitabu cha migomba: kuchagua chipukizi, kutandaza majani, kuutambua mgomba wenye njaa. Miaka ile ya themanini watu wa Nyakasimbi walikuwa wakija kuniuliza mpaka chakula changu kinapoa, nikaona heri niandike. Karani wa misheni akanipigia chapa, tukadurufu kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono. Karatasi nilizifuata Murongo kwa baiskeli, na ili kuzilipia nilimuuza beberu wetu.

Mke wangu alisimama akitazama beberu anavyofunguliwa kamba. "Baba watoto, beberu tunajua anazalisha. Hizo karatasi nazo zitazaa?"

Nikamwambia zitazaa.

Kumbe kuandika si kazi. Kazi ni bei. Niliogopa watu wasije wakasema najifanya msomi, nikauza kwa bei ya glasi moja ya rubisi, pombe yetu ya ndizi. Vikagombaniwa. Nikatembea kifua mbele mpaka siku nilipomkuta shemeji yangu kilabuni anavuta tumbaku aliyoisokota, na kwenye karatasi inayoungua nauona mgomba niliouchora kwa mkono wangu.

"Shemeji, unavuta kitabu changu."

"Karatasi yako nzuri, shemeji. Haichaniki, haiwashi koo. Ya dukani ni ghali kuliko hii. Nyingine unaleta lini?"

Kilabu kizima kikacheka. Mimi nilikwenda nyumbani nikapiga hesabu. Kwa bei ile, hata nikiuza vyote, karatasi nyingine sinunui, na beberu ndiyo nimemuaga. Lakini nipandishe mpaka wapi? Bei ya mkungu wa ndizi nilikuwa naijua tangu mtoto. Bei ya maneno yangu sikuijua, na wa kumuuliza hakuwepo.

Ikaja Jumapili ya limbuko. Kwetu kila mtu hupeleka kanisani alichovuna kwanza, na ibada ikiisha vitu hunadiwa nje, fedha ikabaki kanisani. Kati ya mikungu na maharage nikaweka kijitabu kimoja. Nilitaka watu waitaje bei wenyewe.

Mzee wa kanisa aliyekuwa akinadi akakishika, akakigeuza. "Hiki kimevunwa wapi?"

"Shambani kwangu."

"Basi tuonjeshe. Soma."

Nikasoma: "Mgomba wenye njaa haulalamiki. Unakuzalia mkungu mdogo na kukuachia aibu."

Shemeji akapaza sauti kutoka nyuma: "Glasi ya rubisi!" Watu wakacheka tena.

Ndipo mama mmoja mjane, aliyekuja kutoka Mabira kumsalimia binti yake na kisa cha tumbaku alishakisikia, akasogea na kuku kwapani. Alikuwa tembe, yule kuku aliye karibu kuanza kutaga.

"Natoa huyu."

"Mama, huyu anataga karibuni," mnadi akamwambia.

"Najua. Na migomba yangu inakufa sasa hivi." Akamgeukia shemeji. "Wewe endelea na tumbaku yako."

Hakuna aliyempita. Nami tangu Jumatatu ile bei yangu ikawa tembe mmoja, au fedha ya tembe kama anavyouzwa sokoni wiki hiyo. Shilingi yetu ilikuwa ikipungua nguvu kila ukiishika, lakini kuku alibaki kuku.

Mke wangu alisema hawatanunua. Walinunua polepole, na aliyenunua alikifunga kwenye nailoni akakiweka pamoja na Biblia. Mtu havuti tembe wake.

Hata shemeji alikuja. "Umepandisha bei kwa ajili yangu?"

"Ndiyo. Leta kuku."

Akaleta, ananung'unika njia nzima. Msimu uliofuata nilimkuta anatandaza majani shambani kwake, jambo ambalo baba yake hakuwahi kuliona.

Kwa kuku wale nilirudi Murongo kuchukua karatasi za mara ya pili, na waliobaki wakanipatia beberu, mkubwa kuliko yule wa kwanza. Mke wangu alimpokea langoni, akamfunga kamba mwenyewe, hakusema neno. Basi nikalisema mimi: "Zimezaa."