Filamu Niliyoisifu Bila Kuiona

Siku yangu ya kwanza katika duka la kukodisha kaseti mjini Nakuru, meneja alinikabidhi kitambaa na spiriti ya kusafishia kichwa cha deki, kile kidude kinachosoma mkanda. Kisha akanipa sheria moja: "Mtu akiuliza picha gani ni poa, usiwahi sema hujui."

Basi sikusema. Mteja akirudisha kaseti nilimuuliza ilikuwaje, na maneno yake nikampa anayefuata kana kwamba ni yangu. Filamu za zamani na za nchi za mbali, zile zenye maandishi chini ya picha, nilizisifu hivyo hivyo. Nyinyi vijana mnaonijia leo niwatajie za kutazama, jueni kwamba niliitwa profesa wa sinema na sikuwa nimemaliza kutazama hata filamu kumi. Naona aibu kuyaandika haya.

Jumamosi moja alikuja Mama Chebet, mteja wetu wa mtaa wa Free Area. Mumewe alikuwa amerudishwa nyumbani kutoka hospitali, hakuna dawa tena, naye alitaka picha ya kumchekesha. Rafuni kulikuwa na moja ya kigeni ambayo hakuna aliyewahi kuikodi. Kwenye jalada lake wazee wawili, mume na mke, walikuwa wakicheka mezani.

"Hii umeiona?" akaniuliza.

"Mara mbili, mathe. Mtacheka mpaka mchoke."

Aliirudisha Jumatatu. Mkanda alikuwa ameurudisha mwanzo, kama tulivyowaomba wateja wote. Akanieleza kwamba yule mzee wa kwenye picha anaugua na kufa polepole, mkewe akimwangalia, na kwamba kwao nyumbani mumewe alikataa izimwe.

"Aliniuliza kama huyo wa duka anajua iko hivyo," akasema. "Nikamwambia unajua, umeiona mara mbili. Akasema basi unatuambia tuongee. Na tumeongea. Mahali atazikwa, shamba, watoto, yote. Asante sana."

Nami nikajibu, "Karibu."

Mumewe alizikwa mwezi huo huo. Nilipostaafu niliitafuta filamu ile, nikaitazama hadi mwisho, kisha nikairudia, ili angalau ile mara mbili iwe kweli. Ni nzuri, itazameni. Mama Chebet hukutana nami sokoni, na kila mara huwaambia wajukuu wake wanisalimie kwa heshima.