Koti la Nili Lililopelekwa Kangle

Mama aliuza nguo mpya katika jengo la Tianxiu, kwa hiyo mimi kuvaa koti la viraka ilikuwa sawa na mtoto wa daktari wa meno kutembea na mapengo. Ndivyo alivyoliona. Mimi niliona ndilo koti bora Guangzhou nzima.

Nilipewa na Mjapani mnunuzi wa vitambaa, niliyemtafsiria Kichina sokoni likizo nzima. Lilikuwa la mkulima wa kwao. Lilichovywa kwenye rangi ya nili hata likakaribia weusi, kisha jua, jasho na kufuliwa vikalipausha mabegani. Viwiko vilikuwa na viraka, na viraka navyo vilikuwa na viraka. Kila nilipovua sare ya shule, nilivaa koti.

"Wateja kutoka Nairobi wakikuona watadhani nimefilisika," Mama alisema.

Nikamshauri aseme mimi ni mtoto wa jirani. Hakucheka.

Siku moja nikarudi kutoka shule, nikakuta msumari nilipolitundika koti uko mtupu. Mama akanieleza, macho makavu, kwamba amelipeleka Kangle, mtaa wa mafundi cherehani, pamoja na sampuli zake za nguo, libanduliwe viraka na kutiwa mikono mipya. Eti ananitendea wema!

Sikuvua hata sare. Karakana za Kangle hazilazi kazi, nami niliapa sitarudi mikono mitupu. Nikadandia basi.

Laobani, yaani bosi, mwanamke mwenye karakana iliyomshonea Mama, alikuwa ameshafumua kiwiko kimoja. Chini ya kiraka nili ilikuwa bado nzito, kama vile haijawahi kusikia habari za jua. Nikaling'ang'ania koti. Akasema mteja wake ni mama yangu. Nikamjibu kwamba mteja ni mama, lakini viwiko ni vyangu. Wasichana wa cherehani wakaangua kicheko, naye akaliachia, viraka vikiwa kwenye mfuko wa plastiki.

Nyumbani nikakaa sakafuni na sindano. Kushona sikujua, ubishi nilikuwa nao. Nilijidunga, nikafumua, nikaanza tena. Mama akawa anapita kwenda kwenye birika ambalo halikuwa na maji.

Mwishowe akasimama. "Umeshona mkono mpaka umeziba. Utapitisha nini humo, mkia?"

"Nitafumua."

"Lete hapa."

Akashona kiraka mahali pake, mishono midogo kama punje za mchele.

"Dukani kwangu hulivai."

"Silivai, Mama."

Akakata uzi kwa meno. Nikanyoosha mkono nilichukue, lakini alikuwa ameshaligeuza upande wa pili.

"Ngoja," akasema. "Hiki nacho kimelegea."